Tangazo la Mzee Barnaba

Maximilla Were hakuweza kupita mjini Kakamega bila kukasirishwa na vibao. Kutoka stendi mpaka sokoni macho yake yalisahihisha tu, hata kama mwenyewe alikuwa na haraka zake. Kulikuwa na kinyozi aliyejiita "Kinyosi Bola", na hoteli iliyokaribisha watu kwa "Chai na mandasi moto". Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka mingi katika shule moja ya msingi upande wa Malinya bila cheti cha ualimu, na mwenye cheti alipokuja kuchukua nafasi yake, alirudi nyumbani na kalamu yake nyekundu na hasira isiyo na pa kwenda.

Aliyempa kazi tena ni Sylvanus Shitanda. Sylvanus alikuwa ametoka Nairobi mwaka wa tisini na nane, akiwa na kompyuta nyuma ya pikapu na wazo ambalo watu wa Kakamega waliliona kama ugonjwa wa mjini. Alikodi chumba juu ya duka la dawa, akasema anafungua tovuti. Watu walipomuuliza tovuti ni kitu gani, aliwaambia ni gazeti lisilo na karatasi, ambalo muuguzi kutoka Ikolomani anaweza kulisoma akiwa Uingereza, na mwanafunzi kutoka Shinyalu akalisoma Marekani, siku moja, saa moja. Aliliita "Nyumbani Kakamega". Aliamua liandikwe kwa Kiswahili.

"Kiingereza wanacho huko mpaka kinawatoka puani," alimwambia Maximilla siku ya kwanza. "Wanachotaka ni kusikia nyumbani wakiongea. Wewe, Mwalimu, kazi yako ni kuhakikisha nyumbani wanaongea vizuri."

Maximilla aliipenda kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Habari zililetwa na watu wa kila aina, kwa vikaratasi au kwa simu: fahali wa nani amemshinda wa nani, kanisa gani limeezekwa, nani ameoa, nani ameaga dunia. Waliozileta waliandika kama walivyozoea kusema, huku l ikiwa r na r ikiwa l, na yeye akazisafisha bila kuzinyang'anya ladha yake. Ukurasa uliosomwa kuliko zote ulikuwa wa vifo. Mtu aliye mbali anaweza kukosa harusi akapona. Msiba wa kwao ukimpita bila habari, atakaa nao maisha yake yote.

Wakati huo Kakamega ilikuwa na kompyuta chache, na mtandao haukuwa umefika katika chumba kile cha juu ya duka la dawa. Maximilla aliandika wiki nzima, akahifadhi kurasa kwenye disketi, na kila Ijumaa Sylvanus akaipeleka Kisumu kwa pikapu yake, kwenye ofisi ya rafiki yake iliyokuwa na laini. Huko ndiko kurasa zilikopandishwa, na huko ndiko barua pepe za wasomaji zilikofunguliwa. Kilichopanda Ijumaa kilikaa hewani mpaka Ijumaa nyingine. Hakukuwa na kukimbilia kompyuta na kufuta.

Kwa sababu hiyo Maximilla alikuwa na utaratibu wake. Kila ukurasa aliuchapisha kwenye karatasi, akatoka nao kibarazani, akaweka rula chini ya mstari na kuusoma kwa sauti, polepole, kama anayewasomea viziwi. Sylvanus aliuona utaratibu huo kuwa upotezaji wa wakati na wino.

"Mwalimu, hili si gazeti la kununua," alimwambia mara moja. "Huku mtu anapita tu. Akikuta herufi imekosewa, anaelewa, anaendelea."

"Huyo anayepita hatujui," Maximilla alimjibu. "Hajatuona uso, hajasikia sauti zetu, na hawezi kusimama hapo mlangoni atuulize tulikuwa tunamaanisha nini. Ana yale maneno peke yake. Sasa yakiwa mabovu, ataamini nini?"

Sylvanus alicheka, akasema walimu hawastaafu. Lakini barua pepe zilizotoka nje zilimpendelea Maximilla. Msomaji mmoja wa Ujerumani aliandika kwamba tovuti nyingine za Kiafrika zilimwaibisha mbele ya wenzake, ila hii aliwafungulia watoto wake ili wajifunze Kiswahili. Maximilla aliichapisha barua hiyo, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Mwezi wa Mei mwaka wa tisini na tisa, mvua ilinyesha kwa hasira. Nguzo za simu zilianguka upande wa Shinyalu, na umeme mjini ukawa wa kuja na kuondoka. Ijumaa moja stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi na zikarudi mchana, Sylvanus akiwa tayari amewasha pikapu huko chini, kwa kuwa barabara ya Kisumu ilikuwa imejaa matope na alitaka kurudi mapema. Simu ya mezani ikalia. Ilikuwa Protus, jirani wa familia ya Osiako wa Shinyalu, akipiga kutoka dukani Khayega kwenye laini iliyokuwa ikikwaruza kama sufuria.

"Andika hii, Mwalimu, iende leo," Protus alisema. "Mzee Barnaba amefiwa. Ni ndugu yake, yule Chrispinus. Lori imemgonga hapa karibu na Khayega. Tunazika Jumatano."

"Poleni sana. Mzee yuko aje?"

"Amenyamaza tu. Huyo mzee huwa anaumianga kimyakimya."

Maximilla alimfahamu Mzee Barnaba Osiako kwa sifa. Alikuwa amestaafu kutoka kazi ya miche ya misitu, sasa alikuwa na shamba dogo la majani chai, na kanisani ndiye aliyeongoza sala kila padri alipokosekana. Alikuwa kichwa cha ukoo ule. Akaketi na kuandika haraka, huku honi ikilia chini. Alipomaliza, aliwasha mashine ya kuchapisha. Stima zilikuwa zimerudi dhaifu, na mashine ikavuta karatasi nusu na kukwama.

Aliteremka ngazi akiwa na disketi mkononi. "Nipe muda kidogo nisome ile ya vifo kwenye kioo cha kompyuta," alisema. "Sijaisoma."

"Umeiandika wewe mwenyewe."

"Ndiyo maana inafaa kusomwa."

Sylvanus alinyoosha mkono dirishani. "Mwalimu, watu wanazika, wewe unatafuta koma? Mvua ile inakuja. Lete."

Akampa. Pikapu iliondoka ikitupa matope, na Maximilla akabaki amesimama mbele ya duka la dawa akijihisi kama mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama alifunga mlango. Alikaa na hisia hiyo mpaka Jumapili, kisha ikapungua.

Ijumaa iliyofuata Sylvanus alikuwa na shughuli Lugari, kwa hiyo Maximilla mwenyewe ndiye aliyekwenda Kisumu na disketi. Aliketi mbele ya kompyuta ya ofisi ile, akangoja laini iite na kupiga kelele zake mpaka ishike, akafungua barua pepe kwanza kama alivyoagizwa.

Ya juu ilitoka kwa muuguzi wa London aliyewahi kuwaandikia. "Poleni watu wa Shinyalu," aliandika. "Ndugu wawili siku moja, Mungu atutie nguvu."

Maximilla aliisoma, akadhani mama wa watu amechanganya. Akafungua ya pili. Hii ilitoka kwa chama cha Wakenya katika mji mmoja wa Marekani, ikisema wamefanya sala kwa ajili ya marehemu Mzee Barnaba Osiako na mdogo wake. Ya tatu ilimsifu Mzee Barnaba kwa kumlipia mwandishi karo ya kidato cha kwanza. Aliacha barua, akafungua ukurasa wa vifo, ule ule ambao dunia nzima iliuona wiki nzima kabla yeye hajauona.

"Mzee Barnaba Osiako wa Shinyalu amefia na nduguye Chrispinus katika ajali ya barabarani karibu na Khayega. Mazishi yatafanyika nyumbani kwao Jumatano."

Aliusoma tena. Kidole chake kiligusa kioo mahali ambapo w ilistahili kuwa, kati ya i na a, na pale hapakuwa na kitu. Alichokusudia ni kwamba mzee alikuwa amefiwa. Alichowaambia watu ni kwamba mzee alikufa pamoja na ndugu yake. Na sentensi yenyewe haikuwa na kilema chochote. Kama angekuwa ameipata kwenye daftari la mwanafunzi asiyejua kisa, angeitia alama ya sahihi.

Chini zaidi zilikuwapo barua kutoka kwa Titus Osiako. Maximilla alijua Mzee Barnaba ana mtoto Marekani anayesomea mambo ya maji, na kwamba amekaribia kumaliza. Barua ya kwanza ilikuwa ya siku ile ile ya tangazo. "Mimi ni mtoto wa Mzee Barnaba. Nimesoma ukurasa wenu. Nimepiga simu yenu, haishiki. Tafadhali nijibuni kama ni kweli." Barua ya pili iliandikwa Jumatatu. Alikuwa amepata kwa simu parokia iliyo karibu na kwao, akauliza kama kuna msiba kwa Osiako, sauti ikamwambia ndiyo, kuna matanga, na hapo laini ikakatika. Ya tatu ilikuwa fupi. "Wenzangu wamenichangia tiketi. Nafika Kisumu Jumamosi. Mtihani nimeuacha. Kama kuna mtu anayesoma hii, waambieni wasimzike kabla sijafika."

Mwenye ofisi alimuuliza kama anajisikia vibaya. Maximilla alimwomba simu. Alimpata Sylvanus baada ya kuhangaika sana, akamweleza.

"Tia hiyo w," Sylvanus alisema. "Itie, unyamaze. Wakifungua tena watakuta iko sawa, watadhani walisoma vibaya."

"Titus yuko njiani."

"Huyo atafika, atamkuta baba yake mzima. Kuna mtoto anayelia kwa hilo?"

"Ameacha mtihani, Sylvanus."

Sylvanus akasema kwa sauti ya chini kwamba wakijitangaza kuwa wamemuua mzee wa watu kwa herufi, hakuna atakayewasoma tena. Maximilla hakubishana. Aliirudisha w mahali pake, kazi isiyozidi kugusa kidole, kisha juu kabisa ya ukurasa akaandika kwamba Mzee Barnaba Osiako yu hai, kwamba wiki iliyopita walimtangaza marehemu kwa kosa lao la uandishi, na kwamba aliyefariki ni ndugu yake. Akatia jina lake chini. Alisoma kila neno kwa sauti katika ofisi ile ya watu, wakamgeukia, hakujali. Mwishowe akamjibu Titus, akijua vizuri kwamba anaandikia kijana ambaye wakati huo yuko angani na hawezi kusoma chochote.

Jumamosi asubuhi alishuka Khayega akafuata njia ya Shinyalu kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima, lakini alipofika uani na kumwona Mzee Barnaba akitokea shambani na buti zake za mpira, mrefu, mzima, ameshika kikapu cha majani chai, maneno yote yalimwishia.

Mke wa mzee, Dorothy, alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo mbele ya nyumba. Alimkaribisha, akamletea kigoda. Ng'ambo ya ua, mbele ya nyumba ya Chrispinus, kaburi jipya lilikuwa bado udongo mwekundu mtupu. Seremala hakuwa ameleta msalaba.

"Mulembe, Mwalimu," Mzee Barnaba alisema. "Umekuja kutupa pole."

"Nimekuja na pole, baba, na nimekuja na kosa."

Akawaambia. Alieleza tovuti ni nini, akaeleza neno aliloandika na neno alilotaka kuandika. Mzee Barnaba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza kesi ya watoto wawili waliopigana.

"Niandikie," alisema.

Hakukuwa na karatasi karibu. Maximilla aliokota kijiti akayaandika yote mawili kwenye udongo, moja chini ya jingine. Mzee aliinama akayatazama kwa muda.

"Kumbe nimekufa kwa kukosa hiki," alisema, na kwa ncha ya buti akagusa ile w. Hakutabasamu. "Na nani wamesoma?"

"Watu wengi, baba. Na Titus amesoma."

Ungo wa Dorothy ukasimama.

"Titus hakuambiwa habari ya msiba huu," Mzee Barnaba alisema polepole. "Nilikataza. Nilisema wiki hii yuko katika mtihani wake wa mwisho, Chrispinus mwenyewe angesema aachwe asome. Nilimwambia kila mtu wa nyumba hii."

"Protus alileta tangazo, baba. Hakujua."

"Protus hana makosa. Alileta habari ya kweli." Mzee alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Titus amesema nini?"

"Anakuja. Yuko njiani kutoka Kisumu sasa hivi. Anadhani anakuja kukuzika."

Dorothy aliweka ungo chini. Alisimama, akaketi tena. "Mtihani?" aliuliza.

"Ameuacha, mama."

Dorothy hakupiga yowe wala hakutukana. Aliokota punje moja ya maharagwe iliyodondoka, akaipangusa kwa kanga yake, akairudisha kwenye ungo. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mtoto apande ile ndege ya kwanza.

Walikuwa bado wameketi hivyo waliposikia gari likihangaika kwenye matope nje ya ua, halafu likizima. Mzee Barnaba alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kuvua buti na kunawa, kwa kuwa alisema haifai mtoto amkute mchafu siku kama hiyo. Kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye Titus alimwona alikuwa mama yake, na mtu huyo hakuweza kuongea.

Titus aliingia amevaa suti nyeusi iliyokunjamana kwa safari. Alikuwa mwembamba, ndevu za siku kadhaa, hana mzigo ila begi moja begani. Macho yake yalimpita mama yake, yakampita Maximilla, yakatua kwenye udongo mwekundu ng'ambo ya ua. Begi likaanguka. Alikimbia mpaka pale akasimama ghafla, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta kitu cha pili.

"Ni moja," alisema. "Mama, kaburi ni moja. Huyu ni nani? Ni baba au ni baba mdogo? Mwingine mmempeleka wapi?"

Maximilla aliinuka kumjibu, akaona si haki yake.

"Huyo ni baba yako mdogo," Mzee Barnaba alisema.

Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, miguu mitupu, maji yakimdondoka mikononi. Titus aligeuka. Hakukimbia kumkumbatia. Alirudi nyuma hatua, kisigino kikazama kwenye udongo wa kaburi, akaketi chini pale pale na suti yake, akamtazama baba yake kwa hofu ambayo Maximilla angetoa chochote asiione. Mzee alitembea mpaka alipo, akajikunja kwa shida, akamshika uso kwa mikono miwili iliyolowa.

"Ni mimi," alisema. "Shika. Ni mimi."

Titus alishika mkono wa baba yake, akashika kiwiko, akashika bega, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio kikubwa cha mtoto mdogo. Dorothy akawafikia. Majirani walioona gari walianza kujaa uani bila kuelewa kama warudie kuomboleza au washangilie.

Ilichukua muda kabla Titus hajauliza. Walikuwa wameketi ndani, amepewa obusuma, ule ugali wa kwao, na mboga na hajagusa.

"Nani aliandika?"

"Ni mimi," Maximilla alisema. "Nilikusudia amefiwa. Herufi moja iliniponyoka, na sikusoma tena."

Titus alimtazama bila kupandisha sauti. "Nilisoma ile sentensi mpaka macho yakauma," alisema. "Nilitafuta njia ya kuisoma vingine. Nilijiambia labda wamekosea. Ingekuwa ni ile mitandao mingine, ambayo kila mstari una kosa, ningesema hawa hawajui wanachoandika, nikalala. Lakini nyinyi hamkoseangi. Nimesoma tovuti yenu tangu ilipoanza, sijawahi kuona hata nukta iliyokaa vibaya. Nikasema, kama wameandika amefia, basi amefia."

Maximilla alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kuambiwa kwamba aliaminiwa.

Mzee Barnaba alisukuma sahani karibu na mwanawe. "Kula. Mtihani utaufanya tena."

Haikuwa rahisi hivyo. Chuo kilimjibu kwamba kinaelewa na kinampa pole, naye akaufanye mtihani msimu ujao, akiwa pale pale chuoni. Lakini kibali chake cha kuingia nchi ile kilikuwa cha safari moja, na safari hiyo alikwisha kuitumia. Alikwenda Nairobi kuomba kingine, akakaa foleni, akaulizwa kwa nini alitoka katikati ya masomo. "Baba yangu alikufa," alisema. Akaulizwa cheti cha kifo. Akaanza kueleza juu ya amefiwa na amefia kwa mtu aliyesikiliza kwa Kiingereza, na mtu yule akapiga muhuri wa kumkatalia. Aliomba tena mwezi wa Septemba, akiwa na barua ya Maximilla inayokiri kosa, imeandikwa kwa Kiingereza alichokipitia neno kwa neno. Wakamkatalia tena. Karatasi waliyompa haikutaja ile barua hata kidogo.

Kule juu ya duka la dawa, mambo yalikwenda tofauti na alivyohofia Sylvanus. Wasomaji hawakukimbia. Wengine waliandika kusema wamefurahi mzee yu hai, wengine wakawalaumu vikali, na yule wa Ujerumani hakuandika tena. Sylvanus alitaka kuufunga ukurasa wa vifo kabisa. Maximilla alikataa, akasema watu hawataacha kufa kwa sababu wao wanaogopa kuandika. Alitaka jambo moja tu: kila tangazo lisomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuliandika, huku aliyeliandika akifuata kwa rula. Kwa kuwa ofisini walikuwa wawili, huyo mtu alikuwa Sylvanus. Ijumaa ya kwanza alisoma huku akitazama saa. Wiki chache baadaye Maximilla alimwona akisimama katikati ya mstari, akirudi nyuma, akiulizia neno, na jasho jembamba limemtoka juu ya mdomo.

"Sikujua inachosha hivi," Sylvanus alisema.

Hawakuzungumza kamwe juu ya ile siku ya pikapu. Mara nyingine Maximilla alitaka amwambie kwamba yeye ndiye aliyenyoosha mkono dirishani. Halafu alikumbuka ni mkono wa nani uliotoa disketi, akarudi kwenye rula yake.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Titus alipata kazi ya kufundisha hisabati katika shule moja ya upili upande wa Malinya. Mjini walimwona Jumamosi akiwa na baba yake, wamekwenda kutazama fahali wakipigana, mzee ameshika fimbo na kueleza kwa nguvu kila pembe iliyoingia. Watu walisema Mzee Barnaba amerudi ujana. Maximilla aliwahi kuwaona kwa mbali, akageuza njia kabla hawajamwona.

Lakini Dorothy, Maximilla hakuweza kumkwepa. Walikutana sokoni Shinyalu wiki moja kabla ya Krismasi, ana kwa ana, kati ya wauza vitunguu. Walisalimiana. Maximilla akauliza habari za Titus, akaambiwa yuko, anafundisha, analala kidogo, anapokea barua za wenzake waliomaliza na hazifungui mpaka zikae siku kadhaa. Akauliza habari za mzee.

"Mzee ana furaha," Dorothy alisema. "Kila jioni wanaongea mpaka mimi nachoka kuwasikia. Yeye husemanga kwa kila mtu kwamba Mwalimu Maximilla ndiye aliyemrudishia mtoto. Nadhani umemsikia."

"Nimemsikia."

"Anasema kwa moyo safi. Huyo mzee hana ubaya na mtu." Dorothy alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Usimwamini."

Maximilla alitazama vitunguu vilivyopangwa mbele yao. Mwenye meza alijifanya kuvipanga upya.

"Simwamini, mama," alisema.

Dorothy alimtazama kidogo, kana kwamba anapima kama jibu lile limetoka kwa mwalimu au kwa mtu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akamwachia nafasi ya kupita, akaendelea kununua vitu vyake.